Nimechukua vijana wa kazi kutoka kituo cha waliolala mtaani, riviu yangu ndo hii

Naanza na maksi ili asiye na muda asome aende zake: nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata na huko chini nitasema kwanini.

Huduma yenyewe ni ya kituo kimoja cha mchana huku upande wa Temeke. Wanapokea vijana wanaolala nje, wanaoga pale, wanafua, wanakula, wanaojifunza kusoma wanasoma, alafu mtu akishatulia kidogo anaunganishwa na fundi wa mtaani ajifunze kazi. Mimi ni mmoja wa hao mafundi. Nina karakana ya sofa na mapazia Keko, ile sehemu ambayo ukipita unakuta vitanda na makabati yamepangwa mpaka karibu na lami, na hivi ninavyoandika nina vijana wawili waliotoka huko, wa kiume yuko kwenye fremu na sponji, binti yuko kwenye cherehani. Jina la kituo silitaji. Hakuna siri yoyote, ni vijana wenyewe walioomba, mana kila kikitajwa mtandaoni baada ya siku mbili tatu wanafika watu na kamera na katoni ya biskuti, wanataka watoto wapange mstari waimbe, wapigwe picha wakipokea, alafu gari linageuza. Pale picha ya mtu haipigwi mpaka mwenyewe akubali, na kabla hajakubali anaambiwa itaenda wapi. Wageni wengine wakisikia hivyo wananuna kabisa kama wamedhulumiwa.

Sasa kwa asiyejua sisi tunavyopata vijana wa kazi, ni kwa kuletewa. Shemeji anakuletea mtoto wa dada yake kutoka Lushoto, au mteja anakwambia nina mpwa wangu yupo yupo tu nyumbani mchukue. Akiharibu kuna mtu wa kumpigia simu. Kijana aliyelala miaka chini ya meza za soko hana wa kupigiwa simu, kwa hiyo hata akiwa na akili ya kazi kiasi gani haingii popote, anaishia kubeba mizigo Kariakoo, kuokota makopo na vyuma chakavu, kupiga debe, kazi ambazo unalipwa leo na hela inaisha leo. Vituo vingi ninavyovijua vinamaliza hilo kwa kuwa ndugu wa kijana, yaani mlezi anakuja anamuombea kazi, anamsemea, anaahidi kwa niaba yake, na dogo kasimama pembeni anaangalia chini kama yupo polisi. Hawa hawafanyi hivyo na ndo maana nimeamua kuandika.

Utaratibu wao uko hivi. Unaenda na barua ya serikali ya mtaa na kopi ya kitambulisho, unajaza fomu, siku nyingine wanakuja wawili kukagua, wanaangalia choo kipo, waya za umeme hazining'inii, msumeno wa mashine unakaa wapi, wanaongea na majirani wewe ukiwa haupo (jirani yangu wa vitanda aliwaambia mimi ni mkali, ahsante sana jirani). Alafu unaitwa kwenye usaili na wanaokusaili ni vijana. Mlezi yupo ila kakaa nyuma kabisa anaandika, haongei. Mbele yako wamekaa madogo kadhaa, wengine hata usoni hawakuangalii, mmoja kashika daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe ukikasirika unafanyaje?"

Nikajibu. Akaenda la pili, chakula cha mchana tunakula pamoja na wewe au tunasubiri mmalize? Nikijikata na kisu nani ananipeleka hospitali na nani analipa? Mteja akinitukana wewe unasimama upande gani? Na la mwisho akaliuliza taratibu kabisa, kikipotea kitu pale kazini, utaanza kumuuliza nani? Nimeajiri watu miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, nikawa natafuta jibu zuri, akaona nahangaika akasema sio lazima ujibu sasa hivi mama, ila utajibu. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, ila swali likabaki pale pale mezani.

Kulikuwa na fundi mmoja wa gereji siku hiyo, yeye alitoka anafoka kwamba hawezi kuhojiwa na machokoraa. Hakuna aliyemkimbilia, daftari likafunguliwa ukurasa mwingine akaitwa anayefuata. Najua wapo watakaosoma hapa waone ni madharau vilevile, mimi naona ndo sehemu yenye thamani kuliko hata chakula wanachogawa. Mtu ambaye tangu ana miaka kumi anaulizwa yeye tu, unatoka wapi, hii umeiba wapi, usiku huu unaenda wapi, leo anauliza yeye na mtu mzima mwenye karakana lazima ajibu vizuri ndo apewe kijana. Na ukishamuona pale akiuliza huwezi tena kumchukulia kama msaada uliomfanyia.

Makubaliano ni karatasi moja, Kiswahili cha kueleweka, mnasaini wewe, kijana na mlezi. Wiki mbili za kuangaliana, kila upande una ruhusa ya kusema hapana bila kugombana. Miezi ya mwanzo kituo kinatoa nauli na nusu ya chakula, baadae ni juu yako. Kwa aliye chini ya miaka 18 wanakubana zaidi na wanakusomea Sheria ya Mtoto ya 2009, kwamba kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14, kazi za hatari hagusi, na usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi hafanyi kazi kabisa, hata kama una oda ya harusi kesho. Humo humo kwenye hiyo sheria kifungu cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Hicho kifungu madogo wa pale wanakijua kwa namba, usije ukafikiri utaongea peke yako.

Kuhusu malipo nitatoa mfano wa binti. Mimi nilitaka kumlipa kwa wiki, ndo utaratibu wangu na wote. Akakataa, lakini kwa adabu, anti mimi naomba tuhesabu kwa pazia moja moja na daftari niandike mwenyewe, wewe uwe unasaini. Nikamwambia ila wiki ambayo hakuna oda si utakosa, akasema sawa, nikikosa nitajua nimekosa. Kisa chake ni kwamba alikuja Dar kuwa dada wa kazi, mwenye nyumba akawa anamwambia mshahara wako nakuwekea, nakuwekea, siku anaomba aende kwao akaambiwa hela yote imeishia kwenye chakula na sabuni ulivyotumia. Akatoka na mfuko wa rambo mmoja, hakuwa na kwao mjini, akaanza kulala nje. Kwa hiyo huyu akishika daftari la hesabu usimwambie lete nitaandika mimi, utaona sura inabadilika. Sasa hivi hesabu zake ziko vizuri kuliko zangu, na wateja wa mapazia nikiwa sipo anawapa bei mwenyewe.

Kijana wa sofa yeye ni wa Singida. Baba alifariki, wakaja kugombania shamba, mama akaolewa kwingine, huko kwingine akakutana na kipigo, siku moja akapanda lori la vitunguu. Watu wanapenda kusema hawa wanakimbilia mjini kufuata starehe, kaa nao uwasikilize, wengi wanakwambia hawakuwa wanakwenda popote, walikuwa wanaondoka tu. Zamani wengi walikuwa wanashukia Ubungo, toka Februari 2021 ilipofunguliwa stendi ya Magufuli kule Mbezi na walezi ikabidi wahamishe zamu zao za usiku huko huko, mana mtoto mpya ukimkuta siku ile ile aliyoshuka bado anataka kurudi au hata kuonyesha ndugu, ukimkuta baada ya wiki mbili ameshapata kijiwe, ameshapata wenzake wa kumlinda na kumnyang'anya, kazi inakuwa kubwa. (Treni ya zamani walidandia, SGR hawawezi, mageti yake mtu bila tiketi hapiti.) Huyu wangu hakukutwa mapema, alikaa nje muda mrefu, gundi alivuta, anasema mwenyewe wala hafichi, kwa hiyo mikono mwanzoni ilikuwa inatetemeka na kupiga misumari ya sofa ilikuwa shughuli. Alinitoboa sponji, akakata kitambaa kinyume, hiyo hasara hesabuni mapema. Uzuri akiharibu anakuja kusema yeye kabla hujaona.

Na hapo narudi kwenye swali la mwenye daftari, mana lilikuja kunidai jibu. Kuna kipindi kiliyeyuka kitambaa cha mteja, kama mita kumi hivi, cha bei. Asubuhi tunafungua hakipo. Majirani wameshasikia, yule wa vitanda anapaza sauti si nilikwambia, unafuga wezi ndani. Kabla sijafungua mdomo kijana akaweka nyundo chini akasema, "Mama, naomba kikao." Ipo kwenye makubaliano, kikipotea kitu kikao siku hiyo hiyo, mlezi anaitwa, na kuongea kunaanza na mkubwa kazini, sio na mgeni. Kwa hiyo alianza fundi wangu mkuu ambaye nipo naye toka karakana haina hata bati, alichukia vibaya mno, nusu aache kazi, lakini akaongea, jana nilifunga mimi, funguo nilimuachia fulani, nikarudi saa fulani. Nikafuata mimi. Mwisho kabisa ndo wakaongea vijana. Wenye maneno walikuwa wameshasubiri mpaka wamechoka wakaondoka.

Kitambaa hakijaonekana mpaka leo. Nimemlipa mteja, iliniuma. Ila pale kwenye kikao dogo ndo alitoa wazo la daftari la vitambaa, kila kinachoingia kinaandikwa mita, kila anayekata anasaini, na mimi mwenye karakana nasaini. Toka hapo hata vipande vya kushonea mito najua viko wapi.

Kingine ambacho kituo wanakifanya vizuri na hakionekani ni makaratasi. Jamani, makaratasi. Kijana wa miaka ishirini hana cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa ni RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, RITA wanataka uthibitisho amezaliwa wapi, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo au cha shule au barua ya mtaa, na mtaa unauliza wewe ni mkazi wa nyumba gani, anajibu nalala kwenye kibaraza cha duka. Bila cheti, NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ni mtihani. Bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini kwa alama za vidole, na toka Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Bila laini huna M-Pesa, kwa hiyo unachomlipa unampa mkononi, analala nje na hela mfukoni, usiku wanamkagua, asubuhi anakuja kazini hana hata ya chai na wewe unasema huyu hana malengo. Pale kuna dada mmoja kazi yake ni hiyo tu, anawapigia walimu wa shule za msingi za huko mikoani, anatafuta rejista za zamani, anaenda na kijana mpaka ofisi ya kata. Kwa kijana wangu ilichukua muda mrefu, ila siku aliyopata laini yenye jina lake alinitumia shilingi mia mbili, nikauliza ya nini, anasema nilikuwa najaribu.

Sasa kuhusu sauti. Kila wiki wana baraza, mwenyekiti ni kijana, katibu ni kijana, wanabadilishana, na mafundi tunaruhusiwa kuhudhuria ila tunanyoosha mkono kama wengine. Mimi nikisikia neno baraza la vijana nilikuwa nawaza yale mambo ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mtoto anaghani shairi aliloandikiwa na mwalimu, mgeni rasmi anapiga makofi anaangalia saa. Pale hakuna shairi. Siku ya kwanza nilikuta wanamhoji mpishi wao kwanini maharage yana mchanga, na mpishi anajitetea kweli kweli. Wakimaliza hapo wanaenda kwenye mambo mazito. Waliwahi kumualika mtendaji wakamuuliza kuhusu kukamatwa usiku, kwanini mtu akilala anaitwa mzururaji, na kijana mmoja ambaye nje ukimuona utavuka barabara akataja vifungu, Kanuni ya Adhabu 176 na 177, alafu akasema Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hii hii iliyopo Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mtendaji akaomba maji. Aliyewafundisha ni mwanasheria anayejitolea, ila kusimama na kulisema mbele ya mtendaji hakuna aliyemfanyia.

Wana na igizo wanalofanya sokoni. Sio la kuchekesha sana. Mgambo anamkuta mtoto kalala kwenye benchi, anamtingisha, wanabishana, ikifika mahali pagumu wanasimamisha, wanauliza watu waliozunguka, nani aje achukue nafasi ya mgambo afanye tofauti? Siku niliyoangalia alitoka mama anayeuza mihogo, kavua na aproni kabisa, akainama kwa yule mtoto kwa huruma, "Baba, kwenu wapi nikupeleke?" Dogo akamjibu, "Nikikwambia utanipeleka kweli, na ndo nilikokimbia." Mama wa watu akakosa la kusema, soko zima likaanza kubishana, wengine wanasema ustawi wa jamii, wengine mjumbe, wengine apigwe tu arudi, kelele mpaka wauza nyanya wakasahau wateja. Maigizo ya semina yakiisha watu wanaulizia soda. Hili lilivunjika saa ya kufunga soko na watu bado wanabishana.

Haya, nyota iliyokatwa.

Kubwa ni usiku. Kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni na wikiendi hakuna kitu, wakati shida ya mtu anayelala nje inaanza jua likizama. Walezi wana zamu ya kuzunguka usiku lakini wanazunguka kuongea, hawana pa kumlaza mtu. Kwa walio chini ya miaka 18 wanashirikiana na ustawi wa jamii, na wanasisitiza ile namba 116 ya kumsaidia mtoto ambayo kupiga ni bure. Aliyevuka 18 yeye ajijue. Pango ndo ukuta wenyewe. Chumba kimoja huku kwetu cha elfu hamsini, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, laki tatu, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja, kijana anayelipwa kwa wiki anaitoa wapi? Kituo kina mfuko wa kuwakopesha kodi ya mwanzo, wanakaa wawili wawili geto moja wanarudisha kidogo kidogo, mpango mzuri sana ila foleni yake ni ndefu na mfuko ni mdogo. Kijana wangu alisubiri mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake, nikasema basi alale karakanani, wakagoma. Wanasema kijana akilala karakanani anageuka mlinzi wa bure, na kikipotea kitu usiku ameshahukumiwa. Nawaelewa, kwa ile ya kitambaa nawaelewa sana, lakini miezi hiyo yote ambayo anatoka kwangu jioni na mimi najua anaenda kulala wapi, mvua za masika zinapiga, huwezi kuniambia huduma imekamilika.

La pili ni mabinti. Wanaume wamejaa, mabinti wa kuhesabu. Sio kwamba mabinti hawapo nje, wapo ila hawaonekani kwa urahisi, akionekana usiku anachukuliwa haraka, baa, majumbani, kwa mwanaume fulani anayejiita mfadhili. Kuwafikia kunataka walezi wa kike wengi na wao wana wachache mno. Binti wangu anasema alipita pale getini mara kadhaa akaona wanaume watupu akageuza. Wangeweka hata siku moja ya wiki kwa mabinti peke yao.

Madogo madogo mengine: simu ya ofisi haipokelewi kabla ya saa tatu, mlezi alibadilishwa katikati bila taarifa ikabidi kijana aanze kueleza maisha yake upya kwa mtu mgeni (alikataa, na alikuwa na haki), na ufuatiliaji ukifika mwaka unakatika hata kama bado mnauhitaji. Nilisema yote haya kwenye baraza lao, kwa kunyoosha mkono, yameandikwa.

Na msije mkaenda mkidhani kila kijana anakaa. Wa kwanza kabisa niliyepewa aliondoka bila kuaga, mchana tu akaenda kununua maji hakurudi. Kituo hawakumtukana wala hawakunidanganya, walisema hurudi nje wengine, mlango wake uko wazi, na mimi sikulazimishwa kuchukua mwingine. Hilo nimeliheshimu. Kuna sehemu wanakuuzia mtoto kama bidhaa yenye waranti.

Mkitaka kulinganisha, Dar vituo vya kazi hii havijaanza leo, Dogodogo Centre ilianzishwa 1992, na Kigamboni Community Centre ilianzishwa na vijana ambao wenyewe waliwahi kuishi mtaani, kwa hiyo watu wa namna hii kushika usukani sio jambo la ajabu. Hata Kombe la Dunia la watoto wa mitaani mwaka 2014 kule Rio de Janeiro timu yetu ya wavulana ndo ilichukua, iliwafunga Burundi 3-1 fainali. Nikiwatajia wateja wangu wengi ndo wanasikia leo, na hao hao matokeo ya Simba na Yanga ya miaka hiyo wanayo kichwani.

Kwa ambao wako mbele kidogo, vijana wangu na wenzao wamesajili kikundi, wanaomba ule mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ile ya nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Fomu wamejaza wenyewe, mimi nimeandika barua tu ya kuthibitisha wanafanya kazi, majibu bado. Kijana wa sofa pia anataka kwenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, kwenye urasimishaji ujuzi, ile ya kupimwa kwa kazi uliyojifunzia mtaani upate cheti bila kukaa darasani miaka. Nimempa ruhusa na siku za mtihani nitamlipa kama kawaida. Alishaniuliza hilo kabla sijasema.

Nani aende: fundi mwenye subira na oda za kutosha, mwenye saluni, gereji, mgahawa, mwenye uwezo wa kulisha mtu mchana na kupoteza vifaa kidogo miezi ya mwanzo. Nani asiende: anayetafuta kibarua cha bei rahisi, mana hawa wataijua bei yako ndani ya mwezi na wataisema kwa sauti. Kama kwenu hamna kituo kama hiki anzeni na ofisa ustawi wa jamii wa kata, yeye anajua vilivyosajiliwa. Nendeni asubuhi siku za kazi, barua ya serikali ya mtaa iwe na muhuri mana isiyo na muhuri wanairudisha, na hao vijana wakiwauliza kuhusu choo cha karakana msiseme kipo kama hakipo, wanakuja kukiangalia.